Bomba Lisilo na Tundu

Ipo nchi moja ambayo nimeshauriwa nisiitaje jina, na mimi ni mtu wa kusikia ushauri, hasa ushauri ukiletwa nyumbani na watu wanne ndani ya gari moja. Nitasema tu kwamba ni nchi nzuri. Ina mito, ina ng'ombe, ina watu wapole kupita kiasi, na inaongozwa na Mtukufu. Mtukufu ana jina lake alilopewa na wazazi, lakini halijatumika siku nyingi, na huenda hata yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo asigeuke.

Katika nchi hiyo kuna desturi ambayo msomaji asipoijua hataelewa lolote linalofuata. Swali la Mtukufu halijibiwi, linatekelezwa. Pembeni yake hutembea katibu mwenye daftari jekundu, naye huliandika swali kama lilivyotoka, na wiki haiishi kabla hakijafanyika kitu kuhusu swali hilo. Kumjibu mkubwa ni kudai kwamba unajua asilolijua yeye, na huo ni utovu wa adabu. Mwaka mmoja Mtukufu alipita mkoa wa kaskazini, akatazama nje ya dirisha la gari, akauliza, "Hivi huu mlima una kazi gani?" Wakaupa kazi. Mlima ule sasa ni mlinzi daraja la pili, una namba ya ajira, na kila mwaka huenda likizo ya siku ishirini na nane ambazo ni marufuku kuutazama. Wenyeji wa huko wamezoea, wakati wa likizo hutembea kinyumenyume.

Basi katika nchi hiyo aliishi Leokadia Ngonde, mchoraji wa vifaa katika Ofisi ya Taifa ya Michoro, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, mwenye macho ya kuchungulia kwa sababu ya kukaa mbele ya kompyuta miaka kumi na sita. Usidhani alichora kwa kalamu. Kompyuta yake ilikuwa na programu iliyotoka ng'ambo, ya kuumba vitu vizima ndani ya skrini, vitu vyenye unene na uzito, ukavigeuzageuza ukaona migongo na matumbo yake. Ukimaliza unaupeleka mchoro Karakana Kuu, na huko mashine zinakata chuma vilevile kilivyochorwa bila kuuliza. Siri ya kazi ile ni kutoa. Ukitaka bomba, unachora gogo nene, ndani yake unachora gogo jembamba, kisha unaiambia programu itoe hili ndani ya lile. Leokadia alikuwa na msemo wake, kwamba chuma anaweza kukichora mtu yeyote, ufundi uko kwenye kile unachokiondoa.

Siku Mtukufu alipotembelea ofisi ile, Leokadia alikuwa katikati ya kazi iliyobeba moyo wake wote, yaani bomba kuu la maji la Nkalawe. Nkalawe ndiko alikozaliwa. Mdogo wake, Skolastika, alikuwa mkunga katika kituo cha afya cha huko, kituo chenye vitanda sita, wakunga wawili, na koki tisa zilizofungwa ukutani miaka minane iliyopita zikisubiri maji. Chemchemi ya Luhanga inabubujika kilimani, kilomita tatu tu kutoka hapo. Kilichokosekana ni bomba.

Mtukufu alisimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa na harufu nzuri, na alipumua polepole kama babu wa mtu. Akainama, akalitazama bomba likizunguka kwenye skrini, akauliza, "Mbona lina tundu?"

Leokadia alifumbua kinywa. Jibu lilikuwa fupi sana, la maneno matatu au manne, hata mtoto wa chekechea angeweza kulitoa. Lakini Mkurugenzi wa ofisi, Bwana Chilongola, alimkanyaga mguu kwa heshima zote, na daftari jekundu likafunguliwa. Mtukufu alingoja kidogo, kama mtu anayengoja kitu. Kisha akaenda kunywa chai.

Mimi naamini Mtukufu alitaka kujua tu.

*

Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili na nusu kujadili tundu. Waziri wa Maumbo na Vipimo alieleza kwa uchungu kwamba Mtukufu amehuzunishwa na matundu, na kwamba yeye binafsi, tangu utotoni, hakuwahi kuyapenda. Likapitishwa azimio la kumtafuta mtaalamu mzalendo mwenye uzoefu wa kuziba. Orodha za wizara zote zikapekuliwa, na akapatikana mmoja ambaye hakuna aliyemkaribia kwa sifa. Huyu alikuwa Dakta Mbwiliza, daktari wa meno, aliyekwisha kuziba matundu elfu kumi na moja, mengi yakiwa midomoni mwa mawaziri wenyewe.

Dakta Mbwiliza hakuwa amewahi kugusa programu ya michoro, jambo ambalo katika barua ya uteuzi lilitajwa kuwa ndiyo nguvu yake, maana hakuwa na mazoea mabaya ya wachoraji. Alipewa jengo, vijana wa kompyuta kumi na wawili, na miezi mitatu. Akatoka na kiongezi. Kiongezi, kwa wasiojua, ni programu ndogo inayopandikizwa juu ya programu kubwa ili kuipa uwezo ambao haikuwa nao. Wenzetu wa nchi nyingine hutengeneza viongezi vya kukokotoa uzito wa chuma, au vya kupima kama daraja litapinda likipitiwa na lori. Hiki cha kwetu, samahani, hiki cha nchi hiyo, kiliipa programu uwezo wa kutotoboa. Kikaitwa Kiongezi cha Ukamilifu.

Siku ya uzinduzi daktari alisimama jukwaani amevaa koti lake jeupe la kazini.

"Ndugu wananchi," alisema, "tundu ni ugonjwa. Huanza dogo, haliumi, mgonjwa anacheka nalo na anakula nalo. Siku moja anaamka jino halipo. Nimeyaona hayo kwenye vinywa, na leo nayaona kwenye vyuma vyetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tutaziba ufa, na ukuta tutajenga vilevile."

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kuanzia siku hiyo kila kompyuta ya Ofisi ya Michoro ilipandikizwa kiongezi. Ukifungua mchoro wowote, kinapita kila pembe kikitafuta matundu, kinayajaza chuma, kisha kinaandika chini ya skrini kwa herufi za kijani: Hongera, mchoro wako una matundu sifuri. Bila maneno hayo ya kijani Karakana Kuu haiwashi mashine. Kitufe cha kutoa kilibaki mahali pake, lakini ukikibonyeza unatokea wimbo wa taifa, na inabidi usimame.

Matokeo yalikuja haraka. Nati zilitoka karakana zikiwa nzima katikati, zikagawiwa kwa mafundi pamoja na kipeperushi cha kuwataka wabadilike kifikra. Sindano za hospitali zilitoka imara sana. Shule moja ilipokea filimbi thelathini, na mwalimu wa muziki akaandika barua ya shukrani kwa utulivu uliopatikana. Vyoo vipya vya shule hiyohiyo sitavizungumzia, kwa kuwaheshimu wasomaji. Mafundi wachache wa mitaani walijaribu kutoboa wenyewe, lakini drili zote za nchi zikakusanywa kwa hiari, chini ya ulinzi. Na Nkalawe, kabla ya mvua za kwanza, ikapokea mabomba mia tatu yasiyo na tundu, mazito mno, ambayo waumini wa parokia waliyapanga kanisani wakayakalia kama mabenchi.

*

Skolastika hakuwa mtu wa kulalamika. Katika watoto wa mzee Ngonde yeye ndiye aliyekuwa akianguka akanyamaza. Kwa hiyo alipopiga simu ofisini mchana, saa za kazi, Leokadia alijua kuna jambo.

"Dada, jana nimemwosha mtoto kwa soda."

"Soda gani?" Leokadia aliuliza, maana mshtuko huuliza upuuzi.

"Ya machungwa. Nyeupe zilikuwa zimekwisha dukani."

Akaeleza yaliyobaki bila kupandisha sauti. Kisima cha jirani kilikuwa kimekauka. Mwenye punda wa kuleta maji alikuwa anakuja mara moja kwa siku, siku nyingine haji. Mwezi ule akina mama watatu waliojifungua salama walikuwa wamerudi na homa, wakafa, na mmoja wao alikuwa amesoma naye darasa moja. Skolastika alisema yeye na mwenzake wanajua sababu, kila mmoja anaijua na hakuna anayeisema. "Ni mikono yetu, dada. Tunatoka kwa huyu tunakwenda kwa huyu. Mikono yetu ndiyo inayowaua."

Leokadia alimaliza siku ile bila kuchora chochote. Kesho yake aliingia ofisini kwa Bwana Chilongola, akamweleza kwamba maji yanahitaji mahali pa kupita. Chilongola hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwake. Mtu mbaya angekuwa anajua cha kufanya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akasema kwamba yeye ana watoto watano na wa mwisho ana pumu. Kisha akampa fomu ya maombi maalumu. Kipengele cha tatu kilisema, "Eleza tundu unaloliomba," na chini yake, ili kumpunguzia mwombaji kazi, walikuwa wamekwisha kuchapa jibu, "Halipo."

Alikaa na fomu ile mkononi katika mgahawa wa ofisi, mbele yake chungwa lililomenywa. Alilipasua bila hamu. Vipande vikafunguka kidogo, na pale katikati, panapokutana migongo yao, akaona uwazi. Hakuna kipande hata kimoja chenye tundu. Kila kipande ni kizima, kamili, hakina ila. Lakini vikikaa duara, katikati yao pana njia.

Aliliacha chungwa pale, akarudi kwenye kompyuta karibu anakimbia.

Alichora ubao mrefu wa chuma uliopinda kidogo. Akachora wa pili unaofanana nao, hadi zikafika nane. Pete za kuzifungia hazikuwezekana, maana pete ni tundu lenye chuma pembeni, kwa hiyo akachora mikanda iliyonyooka ambayo mafundi wa Nkalawe wangeipinda kwa nyundo palepale mtaroni, na kwenye maungio akaandika lami na mpira wa tairi kuukuu. Akakiita kiongezi kikague. Kiongezi kikatazama ubao wa kwanza, kikauona mzima, wa pili mzima, mpaka wa nane. Herufi za kijani zikatokea. Leokadia alisoma neno sifuri mara tatu, kwa furaha ambayo alikuwa ameisahau.

Dakta Mbwiliza mwenyewe aliupitisha mchoro ule. Aliupenda sana. Alisema hakuwahi kuona bomba lenye nidhamu namna ile, vipande vinane vimesimama bega kwa bega, na akaamuru liitwe Bomba la Mshikamano na litajwe katika hotuba ya bajeti. Leokadia aliitikia kila alichoambiwa, akiomba Mungu daktari asije akalichungulia kwa mbele.

*

Maji yalifika Nkalawe siku ya Jumanne. Skolastika alipiga simu, hakusema habari wala hujambo, akaiweka simu chini ya koki. Leokadia alisikia mlio ambao mwanzoni hakuutambua, kisha akautambua. Akasikia na mtoto analia, na mtu anacheka, na ndoo inagongana na ndoo. Alijifungia stoo ya makaratasi, akalia mpaka kola ikalowa.

Siku nne koki zote tisa zilitiririka. Siku nne watoto saba wa Nkalawe walioshwa kwa maji, na Skolastika aliosha mikono yake kabla na baada, hata katikati bila sababu, kwa kupenda tu. Siku ya tano ilikuwa ya uzinduzi rasmi.

Sasa nieleze uzinduzi wa maji unavyofanyika katika nchi hiyo, kwa sababu wageni hushangaa. Mtukufu hufungua koki. Kwa kuwa hakuna kitu kinachotoka, watu hupiga makofi. Ratiba ya Nkalawe ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa: saa tano na dakika kumi, Mtukufu atafungua koki, saa tano na dakika kumi na moja, makofi, saa tano na dakika kumi na mbili, kwaya. Hapakuwa na dakika ya maji. Hakuna aliyekuwa ameambiwa, na waliojua waliona si mahali pao kusema.

Leokadia aliletwa na msafara wa ofisi, akapangwa safu ya tatu nyuma ya Waziri. Alimwona mdogo wake upande wa pili wa uwanja, katika gauni lake jeupe, safi kuliko siku zote.

Mtukufu alifungua koki. Maji yakatoka kwa nguvu, yakampiga kiatu cha kushoto na mguu wa suruali. Walinzi wawili waliruka. Makofi yalianza, yakasita, yakafa. Mwongoza shughuli alitazama ratiba yake, akaigeuza nyuma, nako hakukuta kitu.

Lakini Mtukufu hakuondoka. Aliinama taratibu, kama alivyoinama siku ile mbele ya skrini, akakinga kiganja. Maji yakamjaa mkononi yakamwagika. Alikaa hivyo muda, mzee aliyeloa mguu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka nyumbani kwao. Akauliza kwa sauti ya chini, "Yanatoka wapi haya?"

Daftari jekundu likafunguliwa. Leokadia aliusikia ukurasa ukigeuzwa. Akawaza koki tisa na watoto saba, na safari hii Bwana Chilongola alikuwa mbali, hakukuwa na mtu wa kumkanyaga.

"Yanatoka chemchemi ya Luhanga, Mheshimiwa," alisema. "Ni pale kilimani."

Halijawahi kutokea jambo kama lile katika nchi hiyo. Mtukufu aligeuka. Alimtafuta aliyesema katikati ya suti, akampata, na midomo yake ikafunguka. Leokadia anaapa mpaka leo kwamba alikuwa anataka kuuliza la pili. Ila kwaya ilikuwa imefikia dakika yake, ikaanza kuimba kwa sauti zote nne, na mlinzi akamshika Mtukufu kiwiko kwa upole, na gari likasogezwa.

Katibu alikuwa hana mahali pa kuandika jibu. Daftari lile lina safu ya swali na safu ya utekelezaji. Kwa hiyo aliandika swali.

*

Utekelezaji ulianza jioni ileile. Mtukufu ameuliza maji yanatoka wapi, basi itafutwe yanakotoka. Jeshi lilianza kuchimba kutoka kwenye koki kurudi nyuma. Kila bomba lilifunuliwa, likafumuliwa mbao zake nane, zikapigwa picha, zikaulizwa kama maji yanatoka humo. Kila mara ilionekana kwamba hayatoki humo, ila yanapita tu, wakasogea kwenye linalofuata. Siku ya kumi na sita walifika chemchemi ya Luhanga, nyuma yao mtaro mtupu wa kilomita tatu. Kapteni wao aliripoti kwamba kilimani kuna maji mengi ardhini, lakini hana maelekezo kuhusu hayo.

Tume iliundwa ikatoa taarifa ya kurasa mia nne. Kiini chake kilikuwa kwamba maji ya Nkalawe yalitoka mahali pasipokuwa na kitu, katikati ya vipande vinane halali, na kwamba huo ni uwazi usio na kibali. Dakta Mbwiliza alihojiwa siku nzima. Alijitetea kwamba alikagua kila jino na kila jino lilikuwa zima, hakujua kama sheria inataka akague na mdomo. Utetezi wake ulikubaliwa, akapewa nishani ya pili.

Leokadia aliitwa na Bwana Chilongola tarehe tisa. Mkurugenzi alikuwa amekonda. Mezani palikuwa na mafaili mawili, na aliyawekea mikono juu kama anayeyazuia yasiruke.

"Bi Ngonde, hili la kwanza ni agizo la toleo la pili la kiongezi," alisema. "Kikague katikati ya vipande. Daktari hawezi. Vijana wake hawawezi. Mimi na wewe tunajua ni nani anaweza."

"Na la pili?"

"La pili ni la waliotumia maji yasiyo na kibali. Kuna mkunga mmoja ameonekana ameosha watoto saba." Akaligusa la kwanza kwa kidole. "La kwanza likitekelezwa, la pili litafungwa. Wameniambia hivyo kwa mdomo. Samahani, mama. Kweli samahani."

Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofundishwa, na hatukufundishwa anapishwa mpaka wapi. Leokadia aliomba siku moja ya kufikiri, akanyimwa, akakaa kwenye kompyuta.

Kazi ilimchukua siku kumi na tisa. Ili kiongezi kiutambue uwazi, ilibidi kifundishwe maji. Alikiandikia kichukue vipande vyote, kivifunge pamoja kama vitakavyofungwa mtaroni, kisha kimwage maji ya kuwazika upande mmoja na kingoje kuona kama yatatokea upande wa pili. Yakipita popote, pajazwe chuma. Alikijaribu kwanza kwa Bomba la Mshikamano. Ndani ya skrini maji yalishuka kutoka Luhanga vizuri kabisa, mepesi, ya buluu, yakafika mwisho bila kuvuja hata tone, na Leokadia aliona kwa macho yake kwamba mchoro wake ulikuwa hauna kosa lolote. Kisha kiongezi kikajaza pale yalipopita. Herufi za kijani zikampongeza. Siku ile hakwenda kula, na wenzake walipita nyuma ya kiti chake bila kumsemesha.

Toleo la pili lilisambazwa nchi nzima kabla ya mwisho wa mwezi. Halikuacha kitu. Hata birika zilianza kutoka karakana zikiwa nzima.

*

Skolastika alipiga simu Jumapili, baada ya misa. Alisema gari la jeshi limekuja tena kuchukua mbao za chuma zilizobaki, hata zile ambazo watu walikuwa wamezificha chini ya vitanda wakitumaini kuzifunga upya kimyakimya. Askari walikuwa na karatasi inayoonyesha jinsi vipande vinavyokaa pamoja na mahali maji yanapopita.

"Dada, nani aliyewafundisha kutazama katikati?"

Leokadia alikuwa amejiandaa kwa swali hilo wiki nzima, na maneno yote aliyoyaandaa yakamkimbia.

"Mimi," alisema.

Leokadia akaanza kueleza, haraka, akijikwaa. Alieleza mafaili mawili, watoto saba, jinsi Chilongola alivyoyashika. Alisema wangemfunga, yeye Skola, wangemchukua kutoka wodini mbele ya wagonjwa. Alisema asingeweza kuishi na hilo.

"Wewe ulisomewa faili hilo lini?" Skolastika aliuliza.

"Tarehe tisa."

"Mimi walikuja tarehe nne." Alizungumza polepole, kama anayesoma. "Walikuja na karatasi. Wakasema nikitia saini kwamba sikuona maji, kwamba hapa hayakutoka hata siku moja, basi hawatamtafuta aliyelichora bomba. Nikawaza ofisi ile mchoraji wa mabomba ni nani kama si wewe. Nikatia saini. Faili langu wakalifunga hapohapo mbele yangu, dada. Nililiona likigongwa mhuri."

Leokadia aliketi sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, kati ya kitanda na kabati. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, ingawa ingekuwa nafuu.

"Ngoja," Skolastika alisema. "Kuna mama ameingia. Amefika na uchungu umekwisha kukaza."

"Una maji?"

"Nina nusu ndoo. Na jioni wanakuja wengine wawili."

Hakukata simu; aliiweka mahali, juu ya meza labda, akaisahau. Leokadia aliendelea kusikiliza. Alimsikia mdogo wake akimwambia yule mama alale kwa ubavu wa kushoto na asiogope, kisha akasikia kifuniko cha ndoo kikifunuliwa na kuwekwa chini.